Ubeti wa Pili

Shuleni, Mbaruk
Jumapili, 1 Juni 2025

Baba,

Pokea salamu zangu nyingi. Umeamkaje, na kifua je, kimepoa, au lile vumbi la mgodi bado linakukohoza? Mimi sijambo. Tunakula maharagwe karibu kila siku, na sitaki useme kwamba nimeanza kulalamika.

Barua yako Sitati aliiacha getini alipopita na lori la mgodi. Ilikuwa imejaa udongo mweupe mpaka askari akaniuliza kama baba yangu anapika chapati. Nilimwambia ni mchimbaji huko Kariandusi, na tena ni mzee wa kanisa, kwa hivyo aishike barua yake kwa heshima.

Habari kubwa ni kwamba tumeshinda kaunti ndogo. Voliboli ya wasichana, baba, sisi hawa unaotuita vijiti. Sasa tunaenda mashindano ya kaunti, na timu itakayoshinda fainali itawakilisha kaunti kwenye mashindano ya Bonde la Ufa zima. Mimi ndiye ninayewainulia wapigaji mipira. Adero, kapteni wetu, anasema mikono yangu inajua ataruka lini kabla yeye mwenyewe hajajua. Yeye yuko Kidato cha Nne, na hii ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Shida unaijua kabla sijaisema. Fainali ni Jumamosi.

Sijamwahidi mtu kwamba nitacheza. Nilimweleza Mwalimu Kiplangat, yule anayetufunza, kwamba sisi ni Wasabato na kwamba Sabato yetu inaanza Ijumaa jua likiingia. Hakunicheka. Alisema atazungumza na mwalimu mkuu waone kama mechi yetu inaweza kusogezwa, na akaniuliza kama anaweza kuja kukuona nyumbani. Akija, tafadhali mwache anywe chai kabla hujaanza kumhubiria.

Ijumaa nilikuwa nyuma ya bweni kama kawaida. Jua lilipoingia nyuma ya mlima wa Mau nilinyamaza kwanza ili uimbe ubeti wako wa wimbo wetu wa kufungua Sabato, kisha nikaimba wa pili, ule uliokuwa wa mama, kisha wa tatu wetu sote. Najua sauti haiwezi kutoka Kariandusi hadi hapa. Lakini nilikusikia, na ulikuwa umepotea njia kwenye ile sehemu ya juu, kama siku zote.

Mwanao,
Edinah


Kariandusi
Alhamisi, 5 Juni

Edinah mwanangu,

Salamu kwako na kwa wenzako wote wa bweni. Hapa ni wazima. Kifua ni kile kile. Kuku wa mama yako ametotoa, na sasa hakuna anayepita mlangoni bila kudonolewa.

Huyo mwalimu wako alikuja jana. Boda boda ilikataa matope, kwa hivyo alipanda kwa miguu kutoka barabarani, akafika viatu vikiwa mkononi. Mtu aliyefika hivyo huwezi kumfukuza. Nilimwambia wazi kwamba mama yako hakuwahi hata kuanua nguo siku ya Sabato, mvua inyeshe isinyeshe, na kwamba hata mwaka haujaisha tangu tumzike, kwa hivyo sitabadilisha hilo kwa ajili ya mpira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema waandalizi wamekubali fainali yenu ichezwe Ijumaa mchana. Mwalimu mkuu wenu, Madam Muiruri, ndiye aliyewaomba, na haikuwa rahisi, kwa sababu shule nyingine zilinung'unika. Yeye si Msabato. Mwalimu Kiplangat naye si Msabato. Jambo hilo lilinigusa, nakuambia ukweli. Ameahidi pia kwamba Jumamosi utapelekwa kanisa lililo karibu, hutakaa uwanjani.

Basi nenda ucheze. Nakuomba neno moja tu. Jua likiingia Mau, weka mpira chini, hata kama mmebakisha kidogo tu kushinda. Mama yako hakutazama saa, alitazama mlima, nawe umekua ukiutazama. Ukiona limeingia, nenda kando uimbe. Mimi nitakuwa mlangoni. Nitakuachia ubeti wa pili.

Ni mimi baba yako,
Masinde


Shuleni
Jumapili, 15 Juni

Baba,

Salamu nyingi. Natumaini unaendelea vizuri na vifaranga wamekua. Mimi mwili ni mzima.

Tulishindwa. Naandika hilo kwanza ili nisilizunguke.

Tulifika mapema, lakini mvua ikanyesha tangu chakula cha mchana. Tulikaa kwenye veranda tukingoja maji yafagiliwe uwanjani. Shule hiyo iko ng'ambo ya ziwa Elmenteita, chini kabisa ya Mau. Mlima uko pale pale nyuma ya vyoo, mpaka unyooshe shingo ndipo uone kilele. Tulipoanza, Madam Muiruri alikuwa ameketi mbele amefunga shingoni leso yenye rangi za shule, na Mwalimu Kiplangat hakukaa hata mara moja.

Tulishinda seti mbili, wakashinda mbili. Seti ya tano tulikuwa mbele. Nilikuwa nainua macho kufuata mpira nikaona jua limegusa mlima. Tulipigania mpira mwingine, tukaupata, na nilipoinua macho tena jua halikuwepo. Kivuli kilifunika uwanja wote mara moja.

Zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu, kwa hivyo mpira ulikuwa mikononi mwangu. Niliuweka chini kwenye mstari, taratibu, nikamwambia refa samahani.

Adero alinishika mkono. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema, "Edi, please. Ni dakika tu. Mungu wako ataelewa. Mimi sina mwaka mwingine."

Nikamwambia nimeahidi. Akaniachilia. Wakamwingiza Lynn, ambaye hajawahi kuinua mipira kwenye mechi, hata kabla sijavuka mstari.

Nilienda nyuma ya jiko la ile shule. Mwisho sikuuona, niliusikia. Wakati wote huo nilikuwa najua sauti za wenzangu, na zile zilizoshangilia hazikuwa zao.

Leo kwenye basi kiti cha kando yangu kilibaki kitupu na watu wawili wakasimama safari nzima. Hakuna aliyenitukana. Madam Muiruri alisema tu kwamba tutaongea.

Lakini niliimba, baba. Nilikuachia ubeti wako wa kwanza, nikaimba wa pili, na wa tatu nikauimba nikijua tuko wawili. Hicho ndicho kimenibeba mpaka leo. Ulinisikia?

Mwanao,
Edinah


Kariandusi
Alhamisi, 19 Juni

Edinah,

Salamu. Hapa ni wazima. Barua yako nimeisoma. Ulitii, na mama yako angefurahi. Usijali hao wasichana, watasahau.

Mwewe amechukua vifaranga wawili. Mvua imeharibu barabara ya mgodini. Nimekutumia njugu karanga kwa Sitati, ugawie wenzako.

Wakati wa likizo fupi ya mid-term usije huku. Nyumba inavuja upande wa kitanda chako na sijapata nafasi ya kupanda juu ya paa. Nenda kwa shangazi yako Nangila huko Naivasha, nimeshamwambia akutarajie.

Baba yako,
Masinde


Shuleni
Jumapili, 6 Julai

Baba,

Salamu kwako. Uko salama? Kifua je? Mimi nipo.

Shangazi anakusalimu. Alinipokea vizuri, na Jumapili hakwenda kazini kwenye shamba la maua, alibaki nami siku nzima. Nilimweleza kwamba nyumba inavuja. Akasema, "Paa gani tena? Si Masinde aliezeka upya Aprili?" Halafu akaona uso wangu, akaanza kuzungumza habari za bei ya nyanya. Baba, kama hukutaka nije ungesema tu. Ningeumia, lakini ningejua naumia kwa nini.

Njugu hazikugawika. Niliziweka mezani wakati wa prepu, masomo ya usiku, na zikabaki pale mpaka asubuhi. Siku hizi wananiita Jua Limeingia. Nikiingia bafuni mtu anasema, "Jamani tokeni, jua limeingia," na wanatoka. Adero haniiti hivyo. Yeye haniiti kitu.

Jambo lililo baya zaidi si hilo. Madam Muiruri alituita wanamichezo wote akasema waandalizi wamemwandikia kwamba hawatasogeza tena mechi kwa ajili ya imani ya mchezaji yeyote, kwa sababu waliposogeza, mchezaji mwenyewe aliondoka. Kwa hivyo kuanzia sasa asiyeweza kucheza Jumamosi hatachaguliwa. Kuna Wasabato wawili wa Kidato cha Pili walioanza mazoezi mwaka huu. Walirudisha jezi siku hiyo hiyo. Mmoja alilia akiwa ameshika jezi, akaniangalia mimi, si Madam.

Nilimfuata Mwalimu Kiplangat kumwomba awatetee. Akaniuliza kama ulishaniambia kwamba alikupigia simu. Nilisema simu gani. Akasema nilipotoka tu uwanjani aliomba muda wa kubadilisha mchezaji, akakupigia, akakuomba uniambie nirudi. Na wewe ukakataa.

Sikasiriki kwamba ulikataa, baba. Nashangaa hukuniambia. Na kuna jambo lingine alilolisema ambalo linanisumbua. Alisema alipokuwa akizungumza nawe alikuwa akisikia kuku, na ulikuwa unahema kama mtu aliyekatizwa kazi, na ukamwambia umeshika shoka.

Ulikuwa unachanja kuni, jua likiwa limeingia? Wewe? Tafadhali nijibu.

Edinah


Shuleni
Jumapili, 13 Julai

Baba,

Salamu. Lori limepita mara tatu. Sitati anasema u mzima na kwamba hukumpa kitu. Nilimwuliza kama una kalamu, akacheka, akafikiri ni mzaha.

Nangoja.

Edinah


Kariandusi
Jumanne, 15 Julai

Edinah mwanangu,

Salamu. Mwili ni mzima. Mengine sijui niyaiteje. Nimeanza barua hii mara nyingi na zote nimewashia jiko.

Nilikuwa nachanja kuni, ndiyo. Nilikuwa nimechelewa kwa ile mvua na nilitaka kumaliza kabla ya Sabato. Simu ikalia. Mwalimu akasema umeweka mpira chini kwa sababu jua limeingia. Akasema, "Mzee, tumebakisha kidogo sana. Ongea na yeye, anakusikia wewe peke yako." Mwanangu, nilijisikia mtu mkubwa. Nilijiona nimelea mtoto ambaye uwanja mzima hauwezi kumtikisa. Nikamjibu, "Mwalimu, jua likiingia limeingia. Mwache mtoto." Nikaweka simu mfukoni, nikainua shoka, na jua likanipiga machoni.

Nilisimama hapo shoka likiwa juu. Jua lilikuwa bado mbali na mlima. Kuku walikuwa nje. Kivuli cha nyumba kilikuwa hakijafika hata kwenye kisima. Ndipo nikakumbuka ile shule iko wapi. Sisi tunaishi upande huu wa ziwa, Mau tunaiona kwa mbali, na jua likiifikia kweli siku imekwisha. Aliye chini kabisa ya mlima anafichwa jua mapema, na siku bado ipo. Nimezunguka bonde hili tangu ujana wangu na sikuwahi kulifikiria. Nilikuambia utazame mlima. Ningekuambia umwulize mwalimu saa, mngemaliza mechi, mkapeana mikono, na Sabato ingekukuta umeshanawa uso.

Nilimpigia mwalimu tena na tena. Hakushika. Nadhani alikuwa ameshaitupa simu kwenye mkoba, na simlaumu.

Ndiyo maana nilikuzuia usije mid-term. Nyumba haivuji. Nilishindwa kufikiria utaingia mlangoni na kunitazama, ukiwa na fahari kwamba ulinitii. Uliniandikia kwamba uliimba. Nikajibu habari za mwewe.

Uliniuliza kama nilikusikia. Edinah, siku hiyo sikuimba. Jua lilipoingia huku kwetu nilikaa mlangoni, nikafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Ijumaa zilizofuata pia sijaimba. Nakaa tu.

Jumatatu nitaomba ruhusa mgodini nije nimweleze Madam Muiruri kwamba kosa halikuwa lako wala la Sabato, lilikuwa langu. Labda atawarudishia wale watoto wawili jezi zao. Ukitaka kuniona nitakuwa ofisini. Usipotaka nitaelewa. Nisamehe, mama.

Baba yako,
Masinde


Shuleni
Alhamisi, 24 Julai

Baba,

Salamu. Natumaini ulifika nyumbani salama.

Nilikuona. Dirisha la darasa letu linatazama ofisi. Ulikuwa umevaa lile koti la mazishi ya mama, na viatu vilikuwa vyeupe hata baada ya kuvifuta. Ulikaa kwenye benchi ukiwa umeweka kofia magotini kama mtoto aliyeitwa kuadhibiwa. Mwalimu wa hisabati aliniuliza kama nataka kutoka. Nikasema hapana. Nilipokuona unatembea kurudi getini ukigeuka geuka, nilitamani kutoka, lakini kengele ilikuwa bado.

Madam Muiruri aliniita baadaye. Aliongea nami kwa upole. Alisema amekuelewa na kwamba hajawahi kuona mzazi akija kuomba kosa liwe lake. Lakini waandalizi wameshaamua, naye hawezi tena kuiweka timu nzima juu ya mtu mmoja. Sheria imebaki. Wale wawili wa Kidato cha Pili, mmoja ameanza kucheza Jumamosi na hawaambii kwao. Mwingine anafua jezi za timu. Adero amerudi kwenye vitabu vyake.

Sasa na mimi nikuambie langu.

Nyuma ya lile jiko kuna uwazi. Nilipofika hapo niliona ziwa lote, na ng'ambo ya ziwa nikaona mgodi wenu, mweupe, unang'aa. Jua lilikuwa bado kwenu, baba. Nilijua pale pale kwamba nimetoka mapema. Filimbi ya refa niliisikia, walikuwa bado wanacheza. Sijui kwa nini sikurudi. Nafikiri niliogopa kuwa mtu anayeuweka mpira chini kwa ajili ya Mungu kisha anauokota tena.

Basi nikakaa juu ya gunia la makaa nikingoja. Niliwasikia wenzangu wakishindwa huku nangoja. Niliutazama mgodi mpaka ukaacha kung'aa, ndipo nikajua kwamba sasa limeingia kwa baba, sasa ameketi mlangoni. Hapo ndipo nilipoanza. Nilinyamaza urefu wa ubeti wako wote. Nilikuachia hata nafasi ya kukohoa.

Kwa hivyo kuhusu mechi nilikuwa nimeshakusamehe, hata kabla hujajua kuna kosa. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka ujue na uumie. Hata nilipokuuliza habari za shoka nilikuwa napima tu kama umeshajua. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja.

Lakini wiki hizi zote, nikila peke yangu, nikioga peke yangu, nilikuwa najiambia kwamba ule wimbo angalau tuliimba wawili. Nilikuwa nimeshika hicho tu. Ijumaa zilizofuata pia, nyuma ya bweni, nilikuwa nakuachia nafasi yako. Kumbe nilikuwa naiachia hewa.

Sabato sijaiacha. Nitaenda kanisani na shangazi. Ila ubeti wa mama siuwezi tena. Shule ikifungwa nitashukia Naivasha. Ijumaa usiningoje, baba.

Edinah


Kariandusi
Jumapili, 10 Agosti

Edinah mwanangu,

Salamu kwako na kwa shangazi yako. Barua hii naituma kwa mkono wa Levis, yule jirani anayefanya kazi kwenye maua. Sikuandikii ili urudi. Kaa huko kadiri unavyotaka, na kitanda chako kiko pale kilipo, pakavu.

Ijumaa Sitati alinipeleka kwa lori hadi ng'ambo ya ziwa. Shule ile imefungwa, lakini mlinzi alinielewa nilipomwambia nataka kukaa nyuma ya jiko. Alifikiri nimefiwa. Gunia la makaa bado liko, limepungua. Nililikalia.

Kivuli kilikuja mapema, kama ulivyosema. Baridi nayo ikaja. Upande wa kwetu mgodi ukabaki unang'aa, na kwa kweli ukitazama vizuri unaona hata ule mti wa nyumbani kwetu. Nikangoja kama ulivyongoja. Ni muda mrefu, mwanangu. Nilipokuwa nasoma barua yako sikujua ni mrefu hivyo, na mimi sikuwa na mtu anayeshindwa nyuma yangu.

Mgodi ulipoacha kung'aa niliimba ubeti wa kwanza. Ile sehemu ya juu nilipotea, mlinzi akakohoa na kuondoka. Wa pili nikauacha wazi. Nilikaa kimya muda wake wote, mpaka lile neno la mwisho ambalo mama yako alikuwa akilivuta. Wa tatu sikuuanza. Huo si wa mtu mmoja.

Nililala kwa mlinzi, kwa sababu sikutaka kusafiri Sabato, na jana jioni nikarudi nyumbani.

Umesema nisikungoje, na nimesikia. Ila Ijumaa jua likiingia nitakuwa mlangoni. Nitaimba wangu, kisha nitanyamaza.

Ni mimi,
Baba yako